Mchezaji Aliyewekwa Amana

Benchi letu liko Nyamirambo, pale barabara inapopinda kabla ya kuushika mteremko, kwenye baraza ya duka la kushonea la mzee Usumani. Baraza lake, jiko langu, maneno ya wote. Mimi ni Vestine, nauza kahawa na chapati, na wateja wananiita Mama Kahawa, hata wale wanaonizidi mvi. Siku ninayoisimulia, ukungu ulikaa juu ya mlima Kigali tangu alfajiri ukakataa kuondoka. Saa za mchana zilifanana na jioni, pikipiki zikipita na taa zimewashwa. Sikuwa na raha. Mwanangu Bruce alikuwa kwenye mtihani wa marudio, ule wa mwisho, somo la hesabu lililomwangusha mara mbili kwa ajili ya mpira wa kwenye simu. Chuo kilishasema: akianguka tena, akusanye virago. Kwa hiyo mtu yeyote aliyefungua mdomo karibu na jiko langu, nilikuwa tayari kumjibu vibaya.

Waliofungua mdomo ni walewale. Mzee Usumani tunamwita Kadhi, maana hakuna ugomvi unaompita bila kuutolea hukumu, hata wenye ugomvi wakiwa hawamtaki. Gratien, muuza viatu, ni Bujumbura. Alikulia Burundi, na tangu arudi hajachoka kutuambia kwamba huko kila kitu kilikuwa kitamu zaidi, mpaka mvua.

Bujumbura: Mama Kahawa, kahawa ya leo iko chungu kama dawa ya minyoo.

Mimi: Kunywa hivyohivyo, labda itakusaidia.

Kadhi: Mwache mama wa watu. Mtoto wake yuko vitani.

Bujumbura: Vitani wapi? Iko kwa darasa, amekalia kiti. Sisi tulisomea chini, hein, na tulipita. Tena usiogope, Mama Kahawa. Mwenda pole hajikwai.

Kadhi: Methali hiyo haihusiani kabisa.

Bujumbura: Inahusiana sana! Mtoto amekwenda pole, somo moja mara tatu. Sasa atajikwaa wapi tena?

Mimi: Gratien, nitakumwagia.

Bujumbura: Nimenyamaza.

Hakunyamaza, lakini kabla sijaendelea lazima niseme habari ya kopo. Mtaani kwetu, mtu akiwa na kitu ambacho hataki kutembea nacho, anakiacha kwa muuza kahawa: ufunguo, kitambulisho, pete ya ndoa wakati wa hasira. Mimi nina kopo la maziwa ya unga, lile kubwa, na kifuniko chake. Kadhi ndiye aliyeliwekea sheria. Anasema alizipata kwa babu yake, aliyeingia nchi hii na misafara ya biashara kutoka pwani. Unakitaja kitu chako kwa sauti mbele ya benchi, unasema, "Naweka hiki amana." Mimi najibu, "Kimepokelewa." Ukikitaka, unakuja mwenyewe na kukitaja vilevile ulivyokitaja. Usipokitaja, hakitoki. Na hapewi mwingine, hata awe pacha wako.

Mwanzo wa muhula Bruce alikuja na simu yake mkononi, akasema anataka niwe namwekea mchana kutwa ili asome. Lilikuwa wazo lake mwenyewe. Nililipenda mpaka machozi yakanitoka, nikasingizia moshi. Akataka kuitumbukiza kimyakimya, Kadhi akamshika mkono.

"Taja!"

"Simu," Bruce akasema.

Bujumbura akacheka. "Simu haina kosa, kijana! Taja kile kilichokuangusha mtihani!"

Mwanangu ni mtu wa utani. Akasimama wima kama askari wa gwaride, akasema kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo: "Naweka mchezaji amana! Naondoka na msomaji!" Benchi zima likapiga makofi. Mimi nikajibu huku nikicheka, "Kapokelewa!" Na tukaendelea hivyo. Asubuhi anamweka mchezaji, anakwenda kusoma. Jua likikaribia kuzama anakuja: "Nipeni mchezaji wangu!" Anacheza kidogo kule ng'ambo ya barabara, makelele yake tunayasikia mpaka huku, halafu anazima simu na kwenda kula. Alama zikaanza kupanda. Nikajua tumepata dawa.

Lakini watu wa benchi hawajui kuacha kizuri kikae kizuri. Mtihani ulipokaribia, Kadhi akatoa hukumu kwamba ile saa ya jioni nayo ni hasara, na amana haitoki tena mpaka mtihani upite. Bujumbura akaunga mkono. Na mimi niliunga mkono, tena kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu nilitaka mwanangu apite. Nikahamisha amana za wengine, zikabaki simu na funguo ambazo wenyewe hawakuzirudia, Kadhi akalifunga kopo kwa uzi wa cherehani, fundo lake la kifundi ambalo hajamfundisha mtu. Bruce akasimama akiliangalia kopo muda mrefu. Akasema, "Haya, mama." Tangu siku ile akasoma kuliko padri. Anasoma anakula, anasoma analala. Utani ukaisha. Nikasema moyoni, amekua.

Asubuhi ya mtihani alipita hapa na shati jeupe, kalamu mfukoni. Nikamwita nimwekee ishara ya msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba, kama nilivyomfanyia tangu komunyo ya kwanza. Akasimama, nikamwekea. Paji lilikuwa la baridi. Akasema "asante" kama mtu aliyepishwa njiani, akapanda pikipiki akaenda. Nikajiambia ni hofu ya mtihani.

Basi, tuko hapo, Bujumbura bado anaisema kahawa yangu, mara Régis akatoka mbio kwenye chumba chake cha michezo ng'ambo ya barabara. Huyu tunamwita Chaja, kwa sababu licha ya televisheni zake tatu na viti vya plastiki, anachaji simu za mtaa mzima. Alikuwa amebeba simu yake mbali na kifua, kama mtu anayebeba mtoto wa mwingine aliyejikojolea.

Chaja: Mama Kahawa, Bruce iko wapi?

Mimi: Unajua aliko. Mtihani.

Chaja: Na simu yake?

Mimi: Kwa kopo. Kwani vipi?

Chaja: Basi mimi sielewi.

Kadhi: Wewe lini ulielewa?

Chaja: Mzee, ngoja kwanza. Angalieni hapa. MwanaVesti iko ndani ya mchezo. Sasa hivi! Nimetoka kucheza naye. Amenifunga mpaka nimeona haya.

MwanaVesti ndilo jina la Bruce kule mchezoni. Wenzake wana majina ya simba na mabomu, yeye alijiita mwana wa mama yake. Nilipoliona pale kwenye kioo, na nukta ya kijani pembeni inayoonyesha kwamba mwenyewe yupo, nikaligeukia kopo.

Bujumbura: Mwizi. Rahisi sana. Mutu ameiba namba yake ya siri. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kadhi: Hapana, Gratien.

Bujumbura: Vimeundwa na mwizi!

Chaja: Mwizi anaweza kuiba namba. Anaweza kuiba mwendo? Bruce ana ujinga wake mmoja. Kabla ya kushambulia, lazima arudishe mpira kwa kipa wake. Lazima! Tumemcheka, tumemfunga kwa ujinga huo, hajaacha. Huyu niliyecheza naye anarudisha kwa kipa kila mara.

Mimi: Labda ameazima simu ya mwenzake huko chuoni.

Chaja: Ndani ya mtihani, mama?

Kama alikuwa anacheza muda ule, basi hayuko kwenye mtihani, na kama hayuko kwenye mtihani, tumekwisha.

Kadhi: Ameanza kuonekana lini huyo?

Chaja: Tangu mfunge kopo. Kila siku iko ndani. Asubuhi iko, mchana iko. Mimi nilinyamaza, nilidhani mama amemwonea huruma anampa kwa siri.

Mimi: Mimi? Nimpe kwa siri?

Chaja: Wewe ni mzazi, unaweza kudanganya.

Kadhi: Kama si mama, ni wewe Gratien. Wewe ndiye unayekaa karibu na kopo.

Bujumbura: Mimi! Kwanza huo mchezo siujui. Nilijaribu kufungua siku moja tu, nione kama...

Kadhi: Aha!

Bujumbura: Fundo likanishinda! Nilivunja ukucha, angalia. Kidole cha mutu mwaminifu hiki.

Kadhi akaacha shati alilokuwa analitia vifungo, akaja akalichukua kopo na kuligeuza mbele ya macho yake, polepole. Uzi ulikuwa palepale. Fundo lilikuwa lake. Akalirudisha benchini, akafuta mikono kwenye suruali.

Kadhi: Halijaguswa.

Bujumbura: Basi ni mashine. Sikilizeni, mimi hii niliiona. Kule Bujumbura tulikuwa na jirani, ana redio ya mbao, kila siku anasikiliza habari na kuijibu. Redio inasema, yeye anajibu. Miaka, hein! Siku amekufa, wakaitoa betri. Redio ikakaa kimya. Halafu saa ya habari ikifika, hakuna sauti ya mtangazaji. Iko sauti ya mzee, anajibu.

Chaja: Bila betri?

Bujumbura: Bila betri. Mashine inakariri mutu. Unaipa vidole vyako kila siku, inavijua. Siku haupo inacheza peke yake. Paka akiondoka, panya hutawala.

Kadhi: Leo umeikaribia methali, nakupa hongera. Lakini si mashine.

Mimi: Sasa ni nini? Semeni! Mnanitisha.

Kadhi alikaa. Mzee huyu nimemjua miaka mingi, sijawahi kumwona anatafuta neno. Siku ile alilitafuta.

Kadhi: Vestine, kijana alisema anaweka nini amana?

Mimi: Si simu?

Kadhi: Alisema nini kwa kinywa chake?

Mimi: Mchezaji.

Kadhi: Nawe ulijibu nini?

Mimi: Nilijibu... ulikuwa utani, mzee. Wote tulicheka.

Kadhi: Babu alikuwa na sheria moja ambayo sijawahi kuihitaji. Alisema, chenye pumzi hakiwekwi amana. Nilidhani anasema kuku. Alinipa mfano wa mpagazi mmoja wa msafara, mwoga sana. Kabla ya kuingia pori akamwambia mtunza amana kwa mzaha: naweka hapa woga wangu, nitauchukua nikirudi. Wakacheka, wakampokelea. Akavuka pori hatetemeki. Akarudi na faida kubwa, akapita mlango wa mtunza amana bila kusimama. Hakuukumbuka. Mwoga akiacha woga, cha kumkumbusha kitatoka wapi? Akaingia nyumbani kwake. Mkewe akamtazama mara moja, akasema huyu si yeye, akachukua watoto, akahamia kwa kaka yake.

Chaja: Na ule woga?

Kadhi: Babu alisema ulikuwa unabisha hodi ndani ya sanduku.

Yampaye inka, nikaapa kwa Kinyarwanda! Barabarani pikipiki ilipita, taa yake ikatumulika wote wanne usoni, ikapotea kwenye ukungu. Nilitaka mtu acheke. Nilingoja Bujumbura acheke, hakucheka.

Chaja: Mimi namwandikia. Mchezo una sehemu ya kuandikiana. Namwuliza yeye ni nani.

Kadhi: Usimwulize.

Chaja: Nimeshamwuliza.

Tukainama wote juu ya kile kioo. Jibu lilikuja upesi, kama la mtu aliyekuwa amekaa mlangoni. Chaja akasoma kwa sauti: "Régis acha ujinga, ni mimi."

Bujumbura: Hata mwizi angesema hivyo.

Mimi: Mwulize nilikuwa namwitaje alipokuwa mdogo, nikimwogesha.

Hilo jina halijui mtu. Baba yake alilijua, Mungu amrehemu, na mimi, na Bruce, ambaye alinikataza kulitamka mbele za watu tangu aanze kuota ndevu. Chaja akaandika. Tukasubiri. Maji ya birika yalikuwa yanachemka, hakuna aliyeyaangalia.

Chaja: Amejibu. "Kanyoni."

Nilikaa chini. Sikukaa kwenye benchi, nilikaa kwenye sakafu ya baraza. Kanyoni, kindege. Bujumbura akanishika bega, akauliza ni lenyewe, nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Bujumbura: Mana yanjye, Mungu wangu.

Mimi: Nipe hiyo simu. Hapana, andika wewe. Mwambie mama anauliza uko wapi.

Chaja: "Niko hapahapa, mama. Giza kidogo, lakini si vibaya. Tuko wengi."

Mimi: Wengi gani?

Chaja: "Wa vyuo vyote. Kila aliyeambiwa aache mchezo akaacha."

Kadhi alianza kunong'ona dua. Mimi nilikuwa na swali moja tu, na niliogopa kuliuliza kuliko nilivyowahi kuogopa matokeo.

Mimi: Mwulize, aliyekwenda mtihani ni nani.

Chaja akaandika. Jibu likaja, akalisoma kimoyomoyo kwanza. Akanitazama.

Mimi: Soma.

Chaja: "Ni yule wa kusoma. Si ndiye mliyemtaka? Usiwe na wasiwasi mama, atapita. Anajua yote."

Kila usiku nilikuwa nimepiga magoti nikiomba maneno hayohayo: atapita. Sasa nimeyapata, na nilitamani kuyatapika.

Mimi: Mwambie arudi. Mwambie mama amesema arudi nyumbani sasa hivi!

Chaja: "Siwezi. Aliyeniweka ndiye wa kuniita. Namsubiri."

Nikasimama. Nilichukua mkasi wa Kadhi mezani, ule mkubwa wa kukatia vitambaa, nikakata uzi. Kadhi hakunizuia. Nikafungua kopo. Simu ilikuwa imelala chini, kati ya funguo za watu, kioo cheusi. Niliishika. Nilitegemea nini, sijui, labda joto. Ilikuwa ya baridi, baridi ileile niliyoisikia asubuhi kwenye kidole gumba changu. Nikabonyeza. Chaja akaleta waya wake na betri, akaichomeka, tukasubiri, haikuwaka. Anayefufua simu zilizoangukia chooni, hii ikamshinda.

Mimi: Kanyoni! Toka! Mama yako nakuita!

Nilipiga kelele kweli, mpaka jirani wa upande wa pili akachungulia. Simu haikuitika. Kwenye kioo cha Chaja, ile nukta ya kijani ilikuwa palepale.

Kadhi: Usijichoshe, dada yangu. Sheria unaijua. Mwenyewe, kwa kinywa chake, kama alivyomtaja.

Bujumbura: Basi hakuna shida! Mtihani utaisha, Bruce atakuja. Tutamwambia asimame hapa, aseme nipeni mchezaji wangu. Maneno matatu! Atasema, hein? Hata kasuku anaweza.

Kadhi: Akikumbuka kwamba alimwacha.

Bujumbura: Tutamkumbusha.

Kadhi: Kumwambia aseme si kumkumbusha. Lazima amtake.

Bujumbura: Kijana gani asiyetaka kucheza? Mimi nina miaka yangu na natamani kucheza. Kadhi, wewe unapenda kutisha watu. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Safari hii hakuna aliyemsahihisha. Tulikaa tukiangalia kona ambako pikipiki na mabasi yanashushia watu. Nilianza kumkumbuka mwanangu kama mtu aliyesafiri mbali. Nilikumbuka anavyoingia nyumbani akisukuma mlango kwa kiatu. Nilikumbuka anavyochukua chapati ya juu bila kunawa, nikimpiga mkono kwa kikombe cha maji, akidai refa amenionea huruma, hiyo ilikuwa kadi nyekundu. Lini mara ya mwisho? Kabla ya kufunga kopo. Tangu hapo alikuwa ananawa mikono, anasubiri apakuliwe, anasema asante. Na mimi nilikuwa namsifia kwa wateja: jamani, mwanangu ana adabu siku hizi! Nilimsifia kwa watu wote.

Chaja: Anauliza kama mtihani umekwisha.

Mimi: Mwambie bado kidogo. Mwambie asitoke hapo alipo.

Bujumbura: Yule pale.

Alitokea kwenye ukungu akipanda taratibu, shati jeupe, kalamu mfukoni. Alikuwa mzima. Alikuwa mzuri, mwanangu, mrefu kama baba yake. Nikasema tumejitisha bure, wazee na hadithi zao, na simu za siku hizi zina mambo mengi, na Chaja atakuwa amechezewa na vijana wenzake. Nikajifuta uso kwa kitenge. Akafika barazani.

Bruce: Mwiriwe.

Sote tukaitikia. Alitazama benchi kutafuta nafasi. Nafasi yake ilikuwa wazi, ile ya karibu na jiko, anayokalia tangu utotoni. Akaipita. Akakaa mwisho wa benchi, wanapokaa wapita njia.

Kadhi: Mtihani ulikuwaje, kijana wangu?

Bruce: Rahisi, mzee. Nimejibu maswali yote. Nimetoka wa kwanza.

Bujumbura: Umepita!

Bruce: Nimepita, ndiyo.

Ilikuwa siku niliyoingojea kwa mishumaa na novena. Hakuna aliyepiga makofi. Nilichukua lile kopo, limefunguliwa, nikaenda nikapiga magoti mbele yake nikaliweka miguuni pake. Simu ilionekana wazi kabisa pale ndani. Sikumtajia neno, kwa sababu Kadhi alisema lazima amtake mwenyewe. Nilimtazama tu machoni, nikimwomba kwa macho kama mama anavyoweza kuomba. Pembeni, simu ya Chaja ikatetemeka.

Chaja: Anauliza, "Amefika? Mbona haniiti?"

Alisoma kwa sauti ndogo sana, lakini nilisikia. Bruce naye alisikia. Aliangalia ndani ya kopo, funguo na simu, kwa upole, kama mtu anavyoangalia vitu vya watu. Halafu akalisogeza kidogo kwa mguu asije akalikanyaga. Akanisaidia kusimama, kwa adabu, akinishika kiwiko. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Pole, Mama Kahawa," akasema, akitia mkono mfukoni. "Kikombe kimoja ni bei gani?"

Kadhi aliangalia chini. Na mimi, ninayeitaja bei hiyo tangu adhana ya alfajiri mpaka ya magharibi, nilisimama na birika mkononi, nikashindwa kumjibu mwanangu.